Pole na Jua, Mama

Mume wangu amewafundisha watu wasiohesabika kwamba ukianguka mtoni usisimame. Zamu yake ya kuanguka ilipofika, mbele ya mama yangu, alisimama. Nimemsamehe, lakini sijaacha kulisema na sina mpango wa kuacha.

Niwaeleze kwanza kazi yetu, maana hata ndugu zetu wengi hawajaielewa. Kuna mto unaoshuka kwa fujo katikati ya mawe, na kuna watu wazima, wenye akili zao na vyeo vyao, wanaolipa ili wapandishwe boti la mpira wakarushwerushwe humo. Wakitoka wazima wanapiga picha. Mimi ni mtunza stoo: nagawa majaketi ya kuelea, helmeti na makasia, nakaza mikanda, na wakirudi naanika kila kitu juani. Mume wangu ni mkuu wa usalama na kiongozi wa boti la kwanza. Wenzake wanamwita Mwalimu Chali.

Jina hilo limetokana na somo lake la asubuhi. Kabla boti halijagusa maji, huwapanga wageni kwenye nyasi, kisha hujitupa chini mbele yao kama mende aliyepuliziwa dawa, mgongo chini, miguu juu. "Ukianguka, lala hivi," huwaambia. "Miguu itangulie, ndiyo ikutane na mawe. Makalio yainue, yasining'inie, maana mawe hayana huruma na makalio. Na usisimame mpaka makalio yaguse mchanga." Wageni huangua kicheko kila makalio yanapotajwa, na ndiyo sababu anayataja sana. Mtu husahau alichoambiwa, lakini alichokichekea hakisahau.

Sababu ya somo lenyewe haichekeshi. Chini ya maji yanayokimbia kuna mawe, na kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi. Ukisimama, mguu unaingia humo, maji yanakusukuma mgongoni, unaangukia uso na mguu unabaki umenaswa. Unaweza kufa kwenye maji yasiyokufika hata kiunoni, huku watu wanakutazama kutoka ukingoni na kujiuliza unatafuta nini huko chini.

Sasa mama yangu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka akastaafu, ingawa kilichostaafu ni mshahara. Mwenyewe bado yuko kazini. Akiingia benki, watu wanaacha kutafuna. Wakati wa posa aliuliza huyu kijana anafanya kazi gani, na mjomba wangu, mtu asiyependa ugomvi, akajibu, "Yuko upande wa usafiri wa majini." Mama akaona meli. Alipokuja kuambiwa ukweli, mimi tayari nilikuwa na mimba ya kwanza, naye akasema neno moja tu: "Sawa." Mume wangu aliibeba hiyo "sawa" moyoni miaka yote. Mama hakuwahi kukanyaga kwetu. Tulikuwa tukienda sisi, na kila tukienda mwenzangu alikaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari. Hakutaka mali wala cheo. Alitaka siku moja mama yangu amwone naye ni mtu.

Basi mama akapiga simu. "Nakuja kwenu, nitakaa siku mbili tatu," akasema. "Na ningependa niione hiyo kazi ya mwenzako." Nikampa habari mume wangu. Baadaye nikamkuta anapiga pasi nguo za mtoni. Nguo ambazo kazi yake ni kulowa, jamani.

"Siwezi kuvaa kaptula mbele ya mama," akasema.

"Baba watoto, kila siku unavaa kaptula."

"Kila siku mama hayupo."

"Kwa hiyo utavaa nini, suti?"

"Nitavaa trakisuti."

"Trakisuti ikilowa ni sawa na kubeba mtu miguuni. Wewe mwenyewe unawakataza wageni."

"Wageni hawana mama mkwe pale," akasema, na kwa upande wake mazungumzo yakawa yamekwisha.

Wageni wa siku hiyo walikuwa watu wa bima. Ofisi nzima ya kampuni ya bima, wameletwa na meneja wao ili wajenge ushirikiano. Watu wanaokula mshahara kwa kukadiria hatari wakiwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, leo wameifuata hatari yenyewe kwa miguu yao na wamevaa fulana za sare. Mama aliwekewa kiti cha plastiki pembeni ya nyasi. Alikaa na mkoba mapajani, mwavuli mkononi, mtandio mabegani, akawatazama wale watu mpaka wakanyoosha mstari bila kuambiwa. Alipowasikia vijana wetu wakimwita mume wangu "Mwalimu", niliona uso wake umelegea kidogo. Bahati nzuri sehemu ya pili ya jina walikuwa wanaimeza.

Somo likaanza. Helmeti akaieleza vizuri, kasia vizuri, kamba vizuri. Akafika pale pa kulala. Akatazama nyasi, akamtazama mama, akakohoa.

"Ukianguka mtoni," akasema, "unajilaza kwa namna inayofaa."

Meneja wa bima, mtu mnene aliyekuwa ameushika mkanda wa jaketi lake kwa mikono miwili tangu alipovalishwa, akauliza, "Inayofaa ni ipi?"

"Ya utulivu. Na ile sehemu ya kukalia, mnaiangalia isipate shida."

"Sehemu gani?"

"Tutaelekezana hukohuko."

"Mwalimu, hujalala," nikamwambia kutoka mlangoni mwa stoo. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. Nikaona isiwe taabu, nitafanya mwenyewe. Kila mtu wa bima aliyekuja kukaziwa mkanda nilimsogelea sikioni nikamwambia, "Lala chali, miguu mbele, inua makalio, usisimame." Meneja aliniomba nirudie, kisha akaniomba tena, na mwishowe akawa anasema pamoja nami huku midomo inamtetemeka.

Mto wetu tumeugawia majina wenyewe. Pale panapotisha panaitwa Kinu, kwa sababu huko unatwangwa. Maji yanaingia kati ya majabali mawili na boti linapinduka siku linapotaka. Kinu hakijawahi kumdhuru mtu. Kinamtwanga na kumtema chini yake, mahali mto unapotanuka na kuwa wa kina kifupi, palipo na mchanga safi ukingoni. Hapo tunapaita Sebuleni, na ndipo tunapowaandalia wageni meza ya chakula. Kila mtu akifika Sebuleni huhisi ameshafika nyumbani. Sebuleni pana mawe mengi kuliko mahali pengine popote mtoni.

Mimi na mama tulitangulia huko kwa gari la mizigo. Njiani alikuwa na maswali. Aliuliza watoto wanalala chumba gani, na kama mwenzangu huwa mkali akirudi amechoka, na kama anaudhika redio ikiachwa wazi. Nikajibu kifupi kifupi. Nilijua ninakaguliwa, na sisi tuliolelewa na mama tulijifunza mapema kutojibu zaidi ya swali. Tulipofika nilimwekea kiti karibu na maji, nami nikaanza kupanga sahani, mfuko wa kamba ukiwa kiunoni kwangu kama kanuni inavyotaka.

Boti la kwanza likaingia Kinu kwa ubavu, likainuka upande mmoja, likapinduka. Kwetu hiyo si habari. Helmeti zikaibuka moja moja, wengi wakiwa wamelishika boti, nalo likawapeleka ng'ambo ya mto. Waliokuja upande wetu walikuwa wawili, meneja wa bima na mume wangu. Meneja alitangulia. Alikuja amelala chali, amekakamaa kama ubao, macho kayafumba, miguu mbele, makalio juu, anasali kwa sauti. Sijawahi kuona mtu amefuata maelekezo vizuri namna ile. Alipita hivyohivyo mbele ya kiti cha mama yangu, na mama akamsindikiza kwa macho, bila kutabasamu, mpaka alipokwama mchangani.

Nadhani hapo ndipo mume wangu alipoona jinsi mtu anavyoonekana akipita miguu juu mbele ya mama mkwe. Akasimama.

Maji yalimfika mapajani. Akasimama wima, akaivuta trakisuti kiunoni, akalinyoosha jaketi, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo.

"Pole na jua, mama," akasema.

"Asante, nimeshapoa," mama akajibu.

Hata hajafunga mdomo, mkwe wake hakuwepo. Palikuwa na maji tu, yakijikunja juu ya kitu chekundu ambacho kilikuwa helmeti yake.

Niliogopa. Sina haja ya kujikaza nikisimulia. Sahani nilizokuwa nazo sijui zilikwenda wapi. Lakini mikono ilikuwa inajua kazi. Mfuko wa kamba ni mfuko tu wenye kamba ndani: unashika ncha moja, unarusha mfuko, kamba inajitoa yenyewe njiani. Kila Jumatatu mume wangu hutulazimisha sote kuurusha, hata mpishi, na kila Jumatatu nilikuwa namuuliza mtunza stoo na kamba wapi na wapi. Nikaurusha. Ukapita mbele ya helmeti yake, ukaangukia mbele ya Bata, kijana wetu wa kayaki, kile kiboti chembamba cha mtu mmoja, ambaye kazi yake ni kuzunguka na kuokota walioanguka. Bata akaudaka, akapiga kasia moja kwa moja hadi ng'ambo, akawakabidhi walioshuka kwenye boti. Kamba ikawa imekatiza mto, wao kule, mimi huku.

Peke yangu sikuiweza. Mto ulinivuta mpaka maji yakaingia kwenye viatu. Ghafla kamba ikawa nyepesi, nikageuka, nikamwona mama nyuma yangu. Mwavuli kautupa, mkoba kautupa, na kamba kaizungusha mkononi.

"Mama, itoe hiyo kamba mkononi. Itakukata vidole. Ishike tu."

Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumwamuru mama yangu jambo lolote. Akaitoa bila neno, akaishika nilivyosema.

Tukaikaza. Kamba ikampita mume wangu chini ya kifua, ikamwinua, uso ukatoka majini, akavuta pumzi kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Boti la pili lilikuwa limeshafika, na watu wa bima walikuwa wamesimama mchangani midomo wazi. Mama akawageukia.

"Nyinyi mmesimama hapo mnangoja kengele? Shikeni kamba. Warefu nyuma, wafupi mbele. Visigino chini. Nikisema vuta, ni wote."

Shuleni kwake alikuwa akisimamia mwenyewe mashindano ya kuvuta kamba, na nasikia shule jirani zilikuwa zikiugua siku hiyo ikikaribia. Watu wa bima wakajipanga kama watoto wa darasa la tatu. Nikamwambia, "Mama, si kumvuta nje. Tupande naye kuelekea juu, mguu utoke kwa njia uliyoingilia." Akaelewa mara moja. Sauti yake ikavuka mto ikawafikia wa ng'ambo, tukaanza kupanda pande zote mbili kwa pamoja, hatua kwa hatua, tukishindana na maji.

Hakuna kilichosogea. Uso wake ukazama, ukarudi, ukazama tena. Mama aliacha kuamrisha. Nikamsikia nyuma yangu akisema, kwa sauti ndogo ambayo siijui, "Usimchukue mwanangu. Nakuomba, usimchukue mwanangu." Sikujua anaongea na Mungu au na mto. Nilijua tu kwamba hajawahi kumwita mume wangu hivyo. Kisha akapaza sauti mara nyingine, "Vuta," tukavuta, na mguu ukachomoka.

Mto ulimwachia yeye, trakisuti ukaichukua. Mtu aliyeogopa kuonekana na kaptula alitolewa mbele ya mama mkwe na ofisi nzima ya bima akiwa na helmeti, jaketi na chupi ya njano niliyomnunulia mimi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimepinda vibaya. Alikuwa anatapika maji, na katikati ya kutapika anahangaika kulivuta jaketi lishuke limsitiri. Mama akavua mtandio wake, akamfunika kuanzia kiunoni, akauchomeka kila upande kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa.

"Tulia, baba," akamwambia. "Tulia, yamekwisha."

Hapo akawasili Tajiri, ndivyo tunavyomwita mwenye kampuni, mbio kutoka kwenye gari lake. Akamtazama mume wangu, akawatazama watu wa bima, akafikiri kidogo, kisha akapiga makofi. "Wageni wetu," akasema, "hilo lilikuwa zoezi la uokoaji. Hongereni sana." Watu wa bima wakapiga makofi pia. Meneja, mchanga ukiwa bado masikioni, alisema hajawahi kuona zoezi lililoandaliwa vizuri namna ile. Dada mmoja wa ofisi ya madai akanong'ona kwamba mbona mguu wa mwigizaji umeangalia pembeni. Mwenzake akamwambia huo ndio utaalamu.

Mganga hajigangi, tunasema, na mchana huo mganga wangu alikuwa kitandani hospitalini, mguu ndani ya plasta nyeupe, amelala anatazama dari. Maji kifuani yalikuwa yametoka. Daktari alisema atatembea. Mimi nilikaa upande mmoja wa kitanda. Mama akaingia, akavuta kiti, akakaa upande wa pili. 

"Mama, niwie radhi," mume wangu akasema akiitazama dari. "Kwa hali uliyoniona nayo."

Mama hakujibu hilo. "Unajua nilichokuja kufanya huku?" akauliza.

"Kukagua kazi yangu, mama."

"Kukagua." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nimekuja kuomba chumba."

Sisi wawili tukamtazama.

"Ile nyumba imenishinda," akasema. "Siku nzima naongea na redio. Juzijuzi nilianguka bafuni, nikashindwa kuinuka, nikakaa palepale sakafuni mpaka jirani alipokuja kuazima jembe. Sikumwambia mtu. Nikasema nitakwenda kwa binti yangu. Lakini kwa binti yangu ni kwa mkwe wangu, na mkwe wangu kila akija kwangu anakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayetamani kuondoka. Nikajua hanipendi. Nikasema ngoja nimfuate kazini kwake, nimwone akiwa na furaha, huenda nikapata pa kuanzia."

"Mama," mume wangu akasema polepole, "mimi nilidhani wewe ndiye usiyenipenda."

"Nisikupende kwa lipi?"

"Ulipoambiwa kazi yangu ulisema 'sawa'."

"Nilisema sawa kwa sababu ilikuwa sawa."

Mume wangu akafumba macho. Kisha akasema, "Chumba kipo, mama. Siku zote kilikuwepo."

Ningeweza kufurahi, na ndani yangu nilifurahi, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa kingine. "Nyinyi watu," nikasema. "Mmoja anaona haya kuomba, mwingine anaona haya kuonekana. Miaka yote mnaheshimiana, mnaheshimiana, na leo heshima yenu ilitaka kunifanya mjane saa ya chakula cha mchana, mezani kwangu, nikiwa nimeshika sahani. Mngekuwa mnachukiana ningeelewa. Mngekuwa mnachukiana asingesimama." Nilitaka kuendelea, nilikuwa na mengi, lakini sauti ikakatika, na tangu mtoni sikuwa nimelia.

Mama akasogeza kiti karibu, akalipangusa gauni mapajani. "Njoo," akasema.

Nikaenda, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, nikapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, nikaweka kichwa mapajani mwa mama yangu, nikalia kama niliyepigwa. Muuguzi alichungulia akarudi. Mume wangu, alipoona mama mkwe anambembeleza binti yake, alijikokota na plasta yake akageukia ukutani, kwa adabu, asije akaona yasiyomhusu.

"Wewe naye," mama akamwambia, "geuka huku. Hapa hakuna mgeni."

Ilimchukua muda kwa sababu ya mguu, lakini aligeuka.